Mapambo ya ndani ya nyumba za mawe za Waswahili

Mapambo ya ndani ya nyumba za mawe za Waswahili ni nakshi, samani, vyombo, vitambaa na manukato yaliyotumika kupamba vyumba vya nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu, Pate, Mombasa, Unguja na Kilwa. Mapambo hayo yanajulikana zaidi kwa vidaka, yaani mashubaka madogo ya chokaa yaliyopangwa safu juu ya safu ukutani. Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, vidaka huitwa zidaka.

Katika nyumba za zamani za aina hii, ukuta wa upande wa njia ni mtupu, bila madirisha makubwa. Mapambo huzidi kadiri mtu anavyoingia ndani. Chumba kilichopambwa kuliko vyote ni kile ambacho mgeni wa kawaida hakuruhusiwa kukifikia.

Vifaa na ujenzi

Kuta hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na huwa nene, mara nyingi nusu mita au zaidi. Chokaa chenyewe hutokana na matumbawe pia: mawe huchomwa juu ya lundo la kuni, halafu chokaa kinachopatikana humwagiwa maji na kuachwa kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Kwa nakshi, mafundi walitumia njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga lipu ya chokaa ingali mbichi kwa kisu kidogo. Ya pili ni kuchonga matumbawe laini yaliyotolewa baharini, ambayo hukatika kwa urahisi yakiwa na maji na kuwa magumu yakikauka.

Dari hushikiliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti unaofaa kubeba sakafu ya mawe ni takriban mita 2.5 hadi 3, na hiyo ndiyo sababu vyumba vyote ni vyembamba na virefu. Umbo hilo liliamua mapambo yake. Chumba chembamba hakina nafasi ya meza na makabati katikati, kwa hiyo pambo kubwa liliwekwa ukutani. Katika nyumba za matajiri boriti zilichongwa ziwe za mraba na kupakwa rangi, na kuta zilibaki nyeupe. Weupe huo ulikuwa na kazi yake: vyumba vya ndani havikuwa na madirisha, na mwanga uliotoka uani uliakisiwa na kuta hadi nyuma ya nyumba.

Vyumba na mapambo yake

Mpango unaofahamika zaidi ni ule wa nyumba za Lamu za karne ya 18.

Mtu akitoka njiani hufika kwanza kwenye daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili. Hapo mwenye nyumba aliketi na wanaume wenzake, na wageni wengi hawakupita zaidi ya hapo. Nyuma ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo uliopinda ili anayepita njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Nyumba nyingi zilikuwa pia na sabule, chumba cha wageni wa kiume, ambacho hakikuungana moja kwa moja na vyumba vya familia.

Baada ya tekani kuna kiwanda, yaani ua wa katikati usio na paa. Kutoka kiwanda vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, na sakafu ya kila kimoja huinuka kidogo kuliko ya kile kilichotangulia. Viwili vya kwanza ni msana wa tini na msana wa yuu. Hivi ni kumbi zilizo wazi upande wa uani, na palipohitajika faragha palitundikwa pazia. Vitanda viliwekwa kwenye ncha mbili za msana, navyo vilizibwa kwa pazia, kwa hiyo ukumbi mmoja ulikuwa sebule mchana na vyumba viwili vya kulala usiku. Sakafu ilitandikwa mikeka ya ukindu yenye mistari ya rangi. Jamvi, ambalo ni zito na halina urembo, lilitandikwa chini yake au mahali pa kazi.

Chumba kinachofuata ni ndani, na jina lake linatosha kueleza nafasi yake. Hiki kilikuwa chumba cha bibi wa nyumba. Ukuta wake wa nyuma ndio uliojazwa zidaka, mara nyingine kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Aliyesimama kiwanda, ikiwa mapazia yamefunguliwa, aliweza kuuona ukuta huo kwa mbali kupitia misana yote miwili.

Nyuma ya ndani kuna nyumba kuu, chumba cha mwisho na chenye giza kuliko vyote. Humo wanawake walijifungulia, na humo maiti ilioshwa na kutayarishwa kwa mazishi.

Choo nacho hakikuachwa bila pambo. Kilikuwa na vidaka vyake na birika la maji lililopakwa lipu laini. Chini ya birika fundi alipachika bakuli la kauri. Humo walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na maji ya birika yakipungua samaki walibaki salama ndani ya bakuli. Ni mfano mzuri wa pambo ambalo lilikuwa pia chombo cha kazi.

Vidaka na maana yake

Mashubaka ya ukutani ni ya zamani kuliko nyumba za Lamu zinazoonekana leo. Yapo katika magofu ya Songo Mnara karibu na Kilwa, na pia Gedi karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Mengi ya mashubaka hayo ya kale ni machache kwa chumba, na mengine yalikuwa ya kuwekea taa. Ukuta mzima wa vidaka ni mtindo uliokomaa baadaye katika visiwa vya Lamu na Pate.

Wataalamu hawakubaliani kuhusu kazi ya vidaka. Jibu rahisi ni kwamba vilikuwa rafu za kuwekea sahani na mabakuli ya kauri kutoka China, vyombo vya Uajemi, vitabu na misahafu. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaunga mkono jambo hilo, kwa kuwa unataja madaka yaliyokuwa na vyombo katika majumba ya Pate na kusema kwamba sasa ndege wamefanya makao humo. Hata hivyo, vidaka vingi ni vidogo au vina kina kifupi mno kwa sahani ya kawaida, na vya juu havifikiwi bila ngazi. Kwa sababu hiyo inaonekana kwamba ukuta wenyewe ulikuwa pambo, uwe na vyombo au usiwe navyo.

Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, alitoa maelezo tofauti. Kwa maoni yake vidaka na kauri viliwekwa karibu na nyumba kuu kwa sababu huko ndiko kulikotokea kuzaliwa na kufa, mambo yaliyohesabiwa kuwa na hatari ya uchafu wa kiroho na ya jicho la husuda. Pambo lilikuwa kinga. Maelezo hayo yanafaa vizuri kwa Lamu, lakini si lazima yafae kwa Songo Mnara ya karne ya 15, kwa kuwa mpango wa vyumba vya huko si uleule.

Lisilo na ubishi ni kwamba ukuta wa vidaka ulionyesha ukoo wa mwenye nyumba. Kujenga kwa mawe kulikuwa alama ya uungwana. Familia ya waungwana ilimwandalia binti nyumba yake au ghorofa yake alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Pale nyumba za ndugu zilipokabiliana, ziliunganishwa kwa wikio, yaani daraja lililojengwa juu ya njia, ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Kwa hiyo ndani, pamoja na vyombo vyake, ilikuwa mali na fahari ya mwanamke. Fahari hiyo ilitegemea pia kazi ya watumwa, waliovunja matumbawe, kuchoma chokaa na kulima mashamba yaliyolipia kauri.

Samani na manukato

Samani zilikuwa chache. Kilichoheshimiwa kuliko vyote ni kiti cha enzi, kiti kikubwa cha mbao nyeusi kilichopambwa kwa vipande vya pembe au mfupa na kusukwa kwa kamba nyembamba mgongoni na kwenye kalio. Kilitolewa kwa ajili ya mgeni mkubwa, na kwa kawaida kukaa humo hakukuwa na raha sana, kwa kuwa mgongo wake umesimama wima. Nguo na vito vilihifadhiwa kwenye kasha la mbao lenye misumari na mabamba ya shaba. Vitanda vya kusukwa kwa kamba vilitengenezwa papo hapo pwani, na vile vya samadari, vyenye nguzo na nakshi, vililetwa kutoka India.

Harufu nayo ilikuwa sehemu ya mapambo ya chumba. Udi ulifukizwa kwenye chetezo ili nguo, mapazia na matandiko yashike moshi wake, wageni walinyunyiziwa marashi kutoka kwenye mrashi, na asumini ilimwagwa kitandani, hasa siku za harusi. Desturi hizi zimedumu kuliko vidaka, na zinafuatwa hata katika nyumba za saruji.

Mabadiliko ya karne ya 19

Utawala wa Al Busaidi wa Oman ulipoimarika Unguja, biashara ya karafuu, pembe na watumwa ilileta utajiri mpya na ladha mpya. Pambo likaanza kutoka nje: mlango mkubwa wa nakshi ulioelekea barabarani ukawa alama ya tajiri, na baadaye wafanyabiashara wa Kihindi wakaongeza roshani na vioo vya rangi.

Maelezo mazuri ya vyumba vya wakati huo yameachwa na Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 anaeleza mashubaka marefu yenye rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, ambazo juu yake kauri na bilauri zilipangwa kwa ulinganifu. Anataja pia vioo vikubwa vya kujitazamia na saa nyingi za ukutani. Vitanda, anasema, vilikuwa virefu hata mtu alihitaji kiti au mkono wa mtumishi ili apande, na nafasi iliyokuwa chini yake ilitumika kulaza wengine, kama vile yaya wa watoto. Maelezo hayo yanaonyesha jinsi chumba kimoja kilichopambwa kilivyogawa watu kwa tabaka.

Kauri za China zilipungua, zikafuatwa na sahani za maua zilizotengenezwa Ulaya, kwa mfano Maastricht nchini Uholanzi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, familia nyingi zilipoteza nguvukazi ya mashamba. Nyumba ya matumbawe inahitaji kupakwa chokaa mara kwa mara. Isipotunzwa, paa huvuja, boriti huoza na ukuta wa vidaka huanguka pamoja na dari.

Nyumba za udongo

Watu wengi wa pwani hawakuishi kwenye nyumba za mawe. Nyumba za fito, udongo na makuti zilipambwa kwa mikeka, vikapu, pazia za khanga mlangoni na chokaa ukutani. Baadaye, katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, lilienea kabati la vioo lililojaa sahani, vikombe na birika ambavyo ni vigumu kuona vikitumika, pamoja na vitambaa vya kufuma juu ya viti. Anayelijua kabati hilo hapati shida kuelewa kwa nini mtu ajenge vidaka mia moja.

Hali ya sasa

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Mjini Lamu, Makumbusho ya Taifa ya Kenya inatunza nyumba moja ya karne ya 18 kama makumbusho, na humo mgeni anaweza kuona mpango wa vyumba vyote pamoja na zidaka.

Nyumba nyingine zimenunuliwa na wageni au kugeuzwa hoteli. Ununuzi huo umeokoa kuta ambazo zingeanguka na kuwapa kazi mafundi wa chokaa, lakini pia umepandisha bei za nyumba kupita uwezo wa wenyeji wengi. Baadhi ya marekebisho yanaharibu yale yanayokusudiwa kuokolewa. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya nyuma yake, na lipu hubanduka pamoja na nakshi ya zamani. Katika hoteli nyingi zidaka mpya hujengwa kwenye chumba cha mapokezi, mbele kabisa ya nyumba, na kuwekewa taa za umeme.