Supu ya Wantoni na Tambi: Chakula Kilichohama na Watu Wake

Supu ya wantoni na tambi imepata jina kubwa kupitia vibanda na migahawa ya Hong Kong, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba anayeipika nyumbani kwa unga wa ngano, mifupa ya kuku na vitunguu majani anaambulia kivuli tu cha chakula chenyewe. Historia inawapinga. Kila mahali chakula hiki kilipohamia, vitu vinavyotiwa ndani yake vilibadilika kufuata soko na mifuko ya watu wa mahali hapo. Kilichodumu ni utaratibu: unga usukumwe hadi uwe manda nyembamba, nyama kidogo ifungwe ndani yake kuwa wantoni, ichemshwe majini, kisha iliwe katika supu nyepesi, mara nyingi na tambi. Kwa hiyo sufuria ya nyumbani ni mrithi halali wa mapishi haya, na haina deni kwa mgahawa wowote.

Tuanze na ngano. Nafaka hii si mzawa wa China. Iliingia kutoka Asia ya Magharibi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ikawakuta watu wanaokula uwele na mchele. Kwa muda mrefu ilipikwa punje nzima. Mawe ya kusagia ya kuzungusha yalipoenea katika enzi ya Han (206 KK–220 BK), unga ukapatikana kwa wingi, na mapishi ya unga yakachipuka. Katika karne ya 6, ofisa aliyeitwa Jia Sixie aliandika kitabu cha kilimo na maarifa ya nyumbani, Qimin Yaoshu, na humo akaeleza namna ya kutengeneza tambi: unga uchekechwe kwa hariri laini, ukandwe kwa supu ya nyama iliyopoa, uviringishwe unene wa kijiti cha kulia, ulowekwe kwenye maji, kisha ubinywe kwa vidole juu ya chungu hadi uwe mwembamba mfano wa jani la kitunguu, ndipo uchemshwe. Hayo ni maelekezo ya mtu anayeandikia kaya: mikono, maji, chungu na unga. Ushahidi mwingine umetoka kwenye makaburi ya Astana, karibu na Turpan, ambako ukame wa jangwa umehifadhi vyakula vya unga vilivyojazwa na kufungwa, vya enzi ya Tang (618–907).

Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen yaliuteka mji mkuu wa Kaifeng, na watawala wa nasaba ya Song wakahamia kusini, hatimaye Hangzhou. Wakimbizi wa kaskazini waliteremka nao wakiwa na hamu ya vyakula vya ngano, wakaingia katika nchi ya mchele. Humo wantoni zikapata makao mapya, hata zikawa chakula cha sikukuu ya siku fupi kuliko zote za mwaka. Karne nyingi baadaye, huko Guangzhou, wachuuzi walizipeleka mitaani kwa mzegazega: upande mmoja jiko na sufuria ya maji ya moto, upande wa pili droo ndogo za tambi, wantoni na viungo, huku wakigonga vipande vya mwanzi ili wateja wasikie. Delta ya Mto Pearl, mji huo ulipo, ina bata, kamba na samaki tele, na vyote hivyo vikaingia bakulini. Tambi zikakandwa kwa mayai ya bata, kamba wakaungana na nyama ya nguruwe ndani ya manda, na supu ikatiwa samaki bapa aliyekaushwa. Basi hata bakuli tunaloliita la asili lilitokana na watu kuchukua mapishi ya wageni na kuyapika kwa walichonacho.

Mabingwa wa kazi hii wana hoja nzito dhidi ya msimamo huu. Watasema kwamba tambi ambazo hazikukandwa kwa mpishi kukalia ncha ya mwanzi mnene na kuurusharusha juu ya unga haziwezi kuwa na mnato ule, na kwamba supu isiyo na samaki bapa ni maji yenye chumvi. Ustadi wao unastahili heshima. Mpishi Mak Woon-chi aliupatia umaarufu Guangzhou, na familia yake ikauendeleza Hong Kong. Katika vibanda vya huko kijiko hutangulia chini ya bakuli, wantoni hufuata, na tambi hulazwa juu ili zisilowe na kulegea kabla mteja hajamaliza. Lakini hebu tutazame ustadi huo unatatua tatizo gani. Tambi za Guangzhou hutiwa maji ya alkali, chumvi ya jamii moja na magadi yetu ya kupikia maharage. Alkali hukaza unga na kuupa rangi ya njano, tambi zikastahimili supu ya moto. Hiyo ni haja kubwa ya muuzaji, ambaye bakuli lake huenda likasubiri. Nyumbani tambi hutoka chunguni na kuliwa papo hapo. Unga wa ngano, yai la kuku na chumvi, ukikandwa vizuri na kufunikwa nusu saa ili ulainike, unatosha.

Mwingine atauliza: kama kila kitu kinabadilishika, basi chochote ni supu ya wantoni? Hapana, na hapa ndipo utaratibu unapodai haki yake. Manda ikiwa nene, nje huiva wakati katikati bado ni unga mbichi. Ndiyo maana husukumwa hadi kivuli cha mkono kionekane upande wa pili. Nyama huwa kidogo, kama kijiko cha chai, ili iive kwa dakika chache zile zile zinazoivisha manda. Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni vyungu viwili. Wantoni na tambi huchemshwa kwenye maji yake, kisha huhamishiwa kwenye supu. Ukizichemsha ndani ya supu, wanga unaotoka kwenye unga huigeuza uji na kumeza ladha yake. Supu yenyewe hudai subira tu: mifupa ya kuku, tangawizi na konzi ya uduvi mkavu, moto mdogo, na povu kuenguliwa kila linapopanda. Anayeyavunja haya amepika kitu kingine, hata kama amenunua kila kiungo cha Hong Kong.

Safari za mbali zaidi zinathibitisha jambo hilo. Kati ya 1849 na 1874 Wachina wapatao 100,000 walipelekwa Peru kama vibarua wa mkataba, na leo migahawa ya Kichina ya Lima huuza supu ya wantoni kama chakula cha wenyeji. Molo, katika mji wa Iloilo nchini Ufilipino, ina supu yake ya wantoni yenye kuku ambayo haina hata tambi. Nchini China kwenyewe, Waislamu wa jamii ya Hui hujaza unga wao kwa nyama ya kondoo na ng'ombe, wala hakuna mwenye haki ya kuwaambia wanaiga. Mpishi wa Mombasa au Mwanza anayetaka kujaribu hahitaji kungoja viungo vya ng'ambo. Anahitaji kuheshimu wembamba wa manda, wepesi wa supu na vyungu viwili, kisha aingie sokoni na kununua kilicho kibichi siku hiyo. Hivyo ndivyo walivyofanya wote waliotangulia, na ndiyo sababu chakula hiki kimefika mbali kiasi hiki.