Mashambulizi ya waasi dhidi ya miundombinu ya umeme

Mashambulizi ya waasi dhidi ya miundombinu ya umeme ni vitendo vya makundi yenye silaha vya kuharibu, kuteka au kuzima mitambo ya kuzalisha umeme, vituo vya kupoza umeme na njia za msongo mkubwa. Shabaha huwa ni serikali, lakini wanaoumia haraka ni raia, kwa sababu pampu za maji na hospitali hutegemea umeme.

Sababu

Njia za umeme hupita porini kwa mamia ya kilomita, na hakuna jeshi linaloweza kulinda kila mnara. Minara michache ikiangushwa, njia nzima huzimika. Mafundi nao hawawezi kuitengeneza mpaka eneo liwe salama.

Mifano

Msumbiji: Umeme wa Bwawa la Cahora Bassa, katika mto Zambezi, husafirishwa hadi Afrika Kusini kwa njia yenye urefu wa kilomita 1,400 hivi. Katika miaka ya 1980 waasi wa RENAMO waliangusha minara mingi ya njia hiyo. Bwawa lilibaki zima, lakini umeme wake haukuweza kusafirishwa. Vita viliisha mwaka 1992, ila ukarabati ulikamilika miaka ya mwisho ya 1990.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Mnamo Agosti 1998 waasi waliosaidiwa na Rwanda walisafirishwa kwa ndege kutoka Goma hadi Kitona, magharibi mwa nchi. Kutoka huko waliteka bwawa la Inga na kukata umeme wa Kinshasa. Mamilioni ya wakazi walikosa umeme na maji hadi majeshi ya Angola na Zimbabwe yalipoingilia kati. Mnamo Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiuteka mji wa Goma, umeme na maji vilikatika. Wakazi wengi walichota maji ya Ziwa Kivu yasiyosafishwa, huku kukiwa na hofu ya kipindupindu.

Uganda: Si kila mara miundombinu huharibiwa. Katika Vita vya Kagera, Bwawa la Owen Falls lililoko Jinja, mahali mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, lilikuwa chanzo kikuu cha umeme wa Uganda. Mnamo Aprili 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililopigana pamoja na Waganda waliompinga Idi Amin, lilitwaa bwawa hilo likiwa zima. Siku hizi linaitwa Nalubaale na bado linazalisha umeme.

Sheria ya kimataifa

Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inahusu vita vya ndani ya nchi. Inakataza kuharibu mitambo ya maji ya kunywa ili kuwanyima raia maji, na pia kushambulia mabwawa iwapo mafuriko yake yanaweza kuua raia wengi.