Mafuta ya Karanga Katika Mtambo

Sote twayajua mafuta ya karanga kwa kazi ya chunguni; ni wachache wajuao ya kuwa yalipata kuendesha mtambo. Katika maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1900, mtambo mdogo wa namna aliyoibuni Rudolf Diesel, Mjerumani, uliendeshwa kwa mafuta hayo. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, kwa kuwa karanga zilistawi sana katika makoloni yake ya Afrika.

Mtambo huo hauhitaji cheche: hewa hushindiliwa hata ikawa moto sana, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Lakini mafuta ya mimea ni mazito, nayo huacha masizi. Mwaka 1937, G. Chavanne wa Ubelgiji alipewa haki ya uvumbuzi wa kuyageuza mawese kwa spiriti yawe mepesi. Mwaka 1938 basi liliyatumia kati ya Brussels na Louvain.

Mafuta yachimbwayo ardhini yalikuwa rahisi kwa bei, na njia hiyo ikaachwa miaka mingi. Leo imefufuka katika nchi nyingi. Basi mkulima aombwaye kupanda mbegu za mtambo na apime kwanza: shamba ni lile lile, na chungu nacho chataka mafuta.