Genge

Mkazi wa Dar es Salaam akisikia "genge" huwaza nyanya na vitunguu. Wa Nairobi huwaza muziki wa Jua Cali. Kamusi zinayo maana nyingine, nayo tunaiacha ife bure: ukingo wa mwamba uliokatika wima. Orvieto, nchini Italia, neno hilo lingepata kazi. Mji mzima umekaa juu ya genge la tufu, yaani majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa jiwe, miaka takriban 300,000 iliyopita. Jiwe lenyewe ni laini. Tangu enzi za Waetruski watu wamechimba maghala chini ya nyumba zao, na kisima cha San Patrizio, kilichokamilika mwaka 1537, kinashuka zaidi ya mita 50. Tatizo liko chini zaidi: tufu imelalia udongo wa mfinyanzi, masimbi ya bahari ya kale. Udongo ukilowa hulegea, tufu hukosa egemeo, hupasuka wima na mapande huporomoka. Ndiyo maana kuta za genge hazilali zikawa mteremko. Kuliita "mlima", kama wanavyopenda kuandika watu wa vipeperushi vya utalii, ni uvivu tu.