Barua kwa Askari Aliyekata Tamaa
Sayansi ya kuzuia watu wasijiue ina deni la shukrani kwa askari waliotoka vitani. Mwaka 1949 Edwin Shneidman, mwanasaikolojia katika hospitali ya maveterani mjini Los Angeles, alipewa kazi ya kuandaa barua za rambirambi kwa wajane wawili ambao waume zao walijiua. Alipopekua majalada ya mchunguzi wa vifo akakuta mamia ya barua zilizoachwa na marehemu. Alizichambua na mwenzake Norman Farberow, na mwaka 1958 wakawa miongoni mwa waasisi wa kituo cha kuzuia kujiua mjini humo. Walibaini kwamba anayetaka kufa mara nyingi ana nia mbili: anataka maumivu yakome, na papo hapo anatamani aokolewe.

Naamini ugunduzi huo ndio msingi wa kila kilichofanikiwa baadaye. Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco aliyefarijiwa na barua alipokuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, alianza mwaka 1969 kuwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitalini. Kati yao, 843 waliokuwa wameacha matibabu waligawanywa kwa kura. Kundi moja likawa linaandikiwa barua fupi za kujuliwa hali, zisizodai chochote. Katika miaka 2 ya kwanza, walioandikiwa walijiua kwa uchache kuliko wenzao. Kambini Fort Carson, Colorado, utafiti wa askari 152 uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba tiba fupi ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kujituliza dhiki inapopanda, ilipunguza uwezekano wa kujaribu kujiua kwa 60%.

Wapo wanaosema aliyekusudia hazuiliki. Israel inawajibu: mwaka 2006 jeshi lilipowataka askari waache silaha kambini waendapo nyumbani wikiendi, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban 40%. Saa ya hatari hupita, mradi mtu avushwe. Pingamizi zito zaidi linatokana na jaribio la mwaka 2019, ambapo askari 658 wa Marekani walishirikishwa na nusu yao wakatumiwa meseji za kujuliwa hali. Vipimo vikuu havikuonyesha tofauti ya maana, ingawa waliojaribu kujiua walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliotumiwa meseji. Kwa hiyo meseji ni nyongeza ya huduma, si mbadala wake: jeshi litakalotuma meseji na kupunguza washauri nasaha litakuwa limeusoma utafiti huu vibaya, na askari wake ndio watakaoumia.