Kutoka Kilindini Hadi Timboroa: Historia Fupi ya Maradhi ya Wazamiaji

Wasomaji wetu walioko pwani huenda wakashangaa kuona walimu wa Busia na Tororo wakiandika habari za kupiga mbizi. Sisi tu watu wa bara. Maji tuyajuayo ni ya mito ya Malaba na Sio, na ya Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wa Majanji na Sio Port hutega nyavu zao. Hata hivyo, mwaka uliopita walimu kadhaa wa pande zote mbili za mpaka tulikubaliana kwenda pwani wakati wa likizo: tuione Ngome ya Yesu kule Mombasa, kisha wale wawezao kuogelea wajifunze kuzamia kwa mtungi wa hewa. Katika kuitayarisha safari hiyo tuligundua kwamba jambo lililotupasa kulijua kwanza halikuwa la baharini, bali la milimani.

Lugha yetu yenyewe imeliona jambo hili la kuingia majini kwa makini. Kuzama ni kupotea. Kuzamia ni kukifuata kitu kilichoko chini ili urudi nacho. Siku hizi, kwa bahati mbaya, mwanafunzi akisikia neno "mzamiaji" humfikiria kijana aliyejificha melini akitafuta njia ya kwenda Ulaya. Sisi tunalitumia kwa maana yake ya asili.

Wazamiaji wa zamani waliofahamika zaidi katika bahari zetu ni wale wa lulu wa Ghuba ya Uajemi. Miongoni mwao, katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walikuwamo Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mzamiaji alijibana pua kwa kibanio, akajifunga jiwe mguuni, akashuka na kamba kwa pumzi moja tu. Kazi hiyo iliharibu masikio na macho, na wengine haikuwarudisha. Lakini kwa kuwa alichukua pumzi moja ya juu, kila alipozama mwili wake ulipokea hewa kidogo tu. Maradhi tunayotaka kuyaeleza huwapata hasa wale wanaovuta hewa wakiwa huko huko chini.

Asili yake ilianza kuonekana mapema. Mwaka 1670 Robert Boyle, mtaalamu wa Uingereza, alimweka nyoka ndani ya chombo na kuinyonya hewa iliyokuwamo. Akaona kiputo kikitembea ndani ya jicho la nyoka yule. Kwa miaka mia mbili hakuna aliyekitilia maanani sana. Ndipo wahandisi wakaanza kujenga madaraja makubwa kwa kuwateremsha vibarua mtoni ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa iliyoshindiliwa. Katika daraja la St. Louis, Marekani, mwaka 1870, watu walipanda juu wakiwa wazima, kisha wakashikwa na maumivu ya viungo, wakapooza, na wengine wakafa. Katika daraja la Brooklyn mjini New York, mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 na hakupata tena afya yake kamili.

Paul Bert, Mfaransa, ndiye aliyeeleza sababu katika kitabu chake cha mwaka 1878. Hewa tunayovuta sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Mtu akiwa chini ya shinikizo kubwa, naitrojeni huyeyuka katika damu na nyama za mwili. Akipanda upesi hutoka kwa vishindo na kufanya viputo, kama soda inavyofoka chupa ifunguliwapo. Kiputo kikikaa katika kiungo, mtu hupata maumivu. Kikikaa katika uti wa mgongo, huenda akapooza.

Aliyetafuta dawa alikuwa John Scott Haldane, naye alitumia mbuzi. Alifungia mbuzi wake katika chumba cha chuma mjini London, akaongeza shinikizo, kisha akalipunguza na kuwatazama. Mbuzi aliyeumia aliinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Sisi tunaofuga mbuzi twajua kwamba mnyama huyo hafichi maumivu ya mguu, wala hajifanyi mgonjwa. Mwaka 1908 Haldane na wenzake walitoa majedwali ya kupandia ambayo jeshi la majini la Uingereza liliyafuata. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mwili huvumilia shinikizo kupungua kwa nusu, lakini zaidi ya hapo mtu yampasa apande kwa vituo. Wataalamu wa baadaye waliisahihisha, kwa maana hata nusu huwazidi baadhi ya watu, lakini msingi wake haujaondoka.

Mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, Wafaransa, walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungini kwa kadiri ya kina alichofikia. Hapo mbizi ikawa mchezo wa mtu yeyote mwenye afya na nauli. Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, na wageni wakaja na mitungi yao. Kwetu sisi walimu lililo kubwa zaidi ni lile lililofanyika Mombasa tangu mwaka 1977 hadi 1980. Merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna ilizama mwaka 1697 chini ya Ngome ya Yesu, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Wazamiaji wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Kenya, waliichimba chini ya maji, na baadhi ya vitu walivyovitoa huonyeshwa ngomeni. Ukurasa wa historia tunaousomesha darasani uliopolewa na watu waliopaswa kuhesabu dakika zao.

Sasa tuirudie ratiba yetu. Waandaaji walikuwa wamepanga vizuri: vipimo vya mapafu na masikio kwa daktari; mazoezi ya kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, kama vyama vya walimu wa kuzamia vinavyotaka; na safari kuwekwa mwezi Desemba, kusi limekwisha na maji yametulia. Mazoezi hayakufanywa ziwani kwa sababu ya kichocho. Lakini siku ya mwisho iliandikwa hivi: asubuhi mbizi mbili, alasiri treni ya Nairobi, usiku basi la Malaba.

Kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la ufukweni. Tororo na Busia ziko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, Nairobi zaidi ya mita 1,600, na njia ya Eldoret hupanda Timboroa hadi zaidi ya mita 2,700. Wazee waliosafiri kwa reli kutoka Tororo wanaikumbuka baridi ya kituo kile. Shinikizo la hewa hapo ni kama sehemu saba katika kumi za lile la Mombasa. Basi, mtu aliyekuwa mita 10 chini ya maji akifika Timboroa, shinikizo limepungua si kwa nusu, bali karibu mara tatu.

Mashirika ya usalama wa wazamiaji hushauri mtu asipande ndege kabla ya saa 12 baada ya mbizi moja, au saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Ushauri huo ni wa ndege ambazo hewa yake ya ndani ni sawa na ya mita 2,400 au chini ya hapo. Timboroa imepita kiwango hicho. Wageni wa ndege huonywa na walimu wao. Abiria wa basi nani atamwonya, ikiwa mwalimu wa Watamu hajui kwamba mwanafunzi wake anarudi Busia? Akiugua njiani, tiba yake ni oksijeni na chumba cha kurudishia shinikizo, nacho si kifaa cha hospitali za mpakani.

Kamati ilikutana tena Tororo. Mwenzetu mmoja aliuliza kama kupitia Kericho na Kisumu kungefaa. Tukaitazama ramani, nayo Mau ikawa mbele yetu. Hatimaye mbizi zilihamishiwa mwanzo wa safari, na Ngome ya Yesu ikawekwa mwisho, ili zipite siku mbili kamili kabla ya treni. Mweka hazina alinung'unika kuhusu malazi ya usiku mmoja zaidi, kisha akafuta hesabu yake ya kwanza na kuandika nyingine.