Njorowa: Habari za Mahali Paitwapo Mlango wa Jehanamu

Kuna mahali katika nchi ya Kenya ambapo Mkristo akisikia jina lake hushtuka kwanza, kisha hutaka kujua sababu. Wazungu walipaita Hell's Gate, maana yake Mlango wa Jehanamu. Wamaasai, ambao walipajua zamani kabla Mzungu hajafika, hupaita Njorowa. Pako kusini ya ziwa la Naivasha, yapata kilometa 90 kutoka Nairobi, na tangu mwaka wa 1984 ni mbuga ya taifa. Watu wengi huenda huko siku za mapumziko, wanafunzi wa shule na vijana wa makanisa wakiwamo. Wengine hukaa kutwa moja tu, wengine hulala katika mahema. Nimeonana na wengi waliorudi kutoka huko wamejaa furaha, lakini nikiwauliza habari za mahali penyewe hunieleza habari za pundamilia na baisikeli, basi. Kwa hiyo nimeona vema niandike habari za kale za Njorowa, ili msomaji akipata kwenda ajue ni nchi gani anayoikanyaga.

Jina hilo la kutisha halikutoka kwa mapepo wala kwa waganga. Lilitokana na umbo la nchi. Magenge mawili marefu ya mawe mekundu yamesimama yakitazamana, na kati yao pana nafasi kama mlango usio na ubao. Mtu akipita hapo huiona nchi ikishuka kuelekea korongo jembamba, na huko mbele mvuke hutoka ardhini, na mahali pengine maji ya moto huchuruzika katika ukuta wa mwamba. Mgeni aliyechoka, mwenye kiu, akiona moshi mweupe ukitoka chini pasipo mtu aliyewasha moto, si ajabu akikumbuka jehanamu.

Wenye elimu ya mawe wameeleza jinsi mambo hayo yalivyotokea. Bonde la Ufa ni mahali ambapo ganda la dunia linapasuka polepole sana, na katika mipasuko hiyo mawe yaliyoyeyuka kwa joto yalipanda juu. Ndiyo asili ya mlima Longonot na mlima Suswa, ambao zamani ilitapika moto na majivu. Magenge ya Njorowa ni mawe ya namna hiyo, yaliyopoa na kukauka. Katika sehemu nyingine yamepasuka wima, nguzo kwa nguzo, hata mtu angedhani fundi aliyachonga. Kisha yakaja maji. Yapata miaka elfu tisa iliyopita mvua zilikuwa nyingi katika nchi hizi kuliko sasa, na ziwa la Naivasha lilikuwa kubwa, na maji yake yalikuwa juu sana. Leo ziwa hilo halina mto unaotoka juu ya ardhi. Lakini wakati ule lilifurika upande wa kusini, na mto wake ukapita Njorowa, ukilikata lile korongo. Mvua zilipopungua ziwa lilishuka, mto ukakatika, na korongo likabaki kama mfereji ulioachwa. Naomba msomaji alishike neno hili la mto, kwa maana litarudi.

Watu walikaa karibu na hapo tangu zamani mno. Katika nchi ya Naivasha hupatikana jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, ambalo likivunjwa hutoa makali ya wembe. Watu wa kale walilitumia kwa visu na ncha za mikuki, nalo lilichukuliwa mbali na kwao. Hivyo biashara ilikuwapo kabla ya shanga na nguo za pwani.

Mzungu ambaye jina lake limebaki Njorowa ni Daktari Gustav Fischer, Mjerumani, aliyekuwa tabibu Unguja. Aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi, akapita nchi ya Wamaasai, na mwaka wa 1883 akafika Naivasha. Hapo Wamaasai hawakumruhusu kuendelea mbele, naye akarudi. Mwaka uo huo Joseph Thomson, Mskoti, alifika naye, akapanda Longonot akachungulia shimo lake. Yafaa tukumbuke kwamba hakuna mmoja wao aliyetembea peke yake. Mizigo yao ilichukuliwa vichwani na mabegani na watu wa pwani na wa bara, na njia waliyoifuata ilikuwa imekwisha kujulikana na misafara ya pembe. Lakini vitabu viliandikwa na wenye kalamu. Hivyo nguzo ya jiwe isimamayo karibu na lango la mbuga, yenye urefu wa meta 25 hivi, huitwa Mnara wa Fischer, wala hakuna jiwe liitwalo kwa jina la mpagazi hata mmoja.

Wamaasai wana habari nyingine ya jiwe hilo. Husema kwamba hapo kale binti wa mkuu mmoja alikuwa akienda kuolewa, naye alikuwa amekatazwa asigeuke kutazama nyumbani. Alipofika hapo moyo ulimshinda, akageuka mara moja tu, akawa jiwe. Kila msomaji wa Biblia atamkumbuka mkewe Lutu. Sijui kama habari hizi mbili zimewahi kukutana njiani; lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu wa watoto wa kike pia, mara nyingi nimewaza ya kuwa yule binti wa Kimaasai alihukumiwa kwa ukali. Mke wa Lutu aliacha mji mwovu. Huyu aliacha mama yake.

Baada ya wasafiri ilikuja reli. Kazi yake ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikapita Naivasha, na mwaka wa 1901 ikafika ziwa kuu la Nyanza. Serikali ya Kiingereza ilitaka walowezi wakae kando ya reli ili mashamba yao yaipatie mizigo. Lakini nchi ya Naivasha, pamoja na Njorowa, ilikuwa malisho ya Wamaasai, tena malisho mazuri. Wamaasai wakati huo walikuwa wamedhoofika. Kabla ya miaka ya 1890 kupita nusu, sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wao, na ndui na njaa zilikuwa zimeua watu. Mwezi wa Agosti 1904 mapatano yakaandikwa kati ya Kamishna Sir Donald Stewart na wakuu wa Wamaasai, na Olonana, laiboni, akiwa wa kwanza. Kwa mapatano hayo waliondoka katika Bonde la Ufa, wengine wakaenda Laikipia kaskazini, wengine kusini, nao wakaahidiwa kwamba nchi hizo mpya zitakuwa zao maadamu kabila lao liko duniani.

Ahadi hiyo ilikaa miaka saba. Mwaka wa 1911 yakaandikwa mapatano mengine, na Wamaasai wa Laikipia wakaambiwa wahamie kusini, kwa kuwa walowezi walikuwa wameitamani Laikipia nayo. Watu na mifugo walipitishwa katika nyanda za juu za baridi na mvua, na wengi wa watu na mifugo wakafa. Ndipo wazee wengine, na Ole Njogo mbele yao, walipopeleka shauri mahakamani wakisema kwamba mapatano ya pili si halali. Mwaka wa 1913 mahakama ililikataa shauri lao. Sababu iliyotolewa ni kwamba Wamaasai si raia wa mfalme wa Uingereza bali ni taifa la nje, na mapatano kati ya mataifa hayahukumiwi katika mahakama ya namna hiyo. Tazama basi jambo hili: walikuwa taifa la kutosha kunyimwa hukumu, lakini hawakuwa taifa la kutosha kubaki na nchi yao. Nimewasomesha wanafunzi wangu habari hiyo mara nyingi, na kila mara mmoja huinua mkono kuuliza kama nimekosea kusoma.

Tangu hapo nchi ya kando ya Naivasha ikawa mashamba makubwa. Njorowa yenyewe, kwa kuwa ni mawe na vumbi la majivu, haikulimwa, na wafugaji wa Kimaasai waliendelea kuonekana pande zake. Mwaka wa 1984 Serikali ya Kenya ikaifanya mbuga ya taifa, kilometa 68 za mraba hivi, nayo ni ndogo ikilinganishwa na mbuga nyingine.

Mvuke nao ulipata kazi. Visima vya kwanza vya kuujaribu vilichimbwa Olkaria mwaka wa 1956, kisha kazi ikaachwa, ikarudiwa katika miaka ya 1970. Mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme. Maji yaliyozama ardhini hukutana na mawe ya moto, huwa mvuke wenye nguvu, na mvuke huo ukipandishwa kwa mabomba huzungusha magurudumu ya mitambo. Leo zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya hutoka katika joto la ardhi, na sehemu kubwa yake ni ya Olkaria. Jina hilo ni la Kimaasai, maana yake ni ule udongo mwekundu wa kujipaka. Faida hii ni kubwa, nami siandiki haya usiku kwa taa ya mafuta. Lakini mitambo ilipoongezwa, mwaka wa 2014 kaya 150 hivi za Wamaasai zilihamishwa kutoka vijiji vyao zikapewa mahali pengine, pamoja na nyumba mpya na shule. Wengine walilalamika kwamba nchi waliyopewa ina makorongo mengi na barabara mbaya, tena iko mbali na wageni waliowauzia shanga. Malalamiko hayo yalifika mpaka Benki ya Dunia. Wajukuu wa watu wa 1904 walijua tayari namna ya kuandika barua.

Sasa neno kwa wale watakaokwenda kupiga kambi. Njorowa ni mojawapo ya mbuga chache ambazo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baisikeli kati ya wanyama, kwa kuwa simba ni nadra. Utaona pundamilia, twiga, kongoni, swala, ngiri na pimbi, na tumbusi juu ya magenge. Hata hivyo nyati wako, na chui pia. Usitembee usiku mbali na hema, wala usiache chakula nje, kwani nyani ni wezi wasio na haya. Mahali pa kupigia hema pamewekwa juu ya magenge, kama vile Naiburta na Ol Dubai. Usiku huwa na baridi, maana nchi iko juu, yapata meta 1,900. Chukueni blanketi nzito, na maji ya kunywa kutoka nyumbani.

Nalisema ule mto utarudi. Mvua ikinyesha juu ya vilima, hata kama pale uliposimama jua linawaka, maji hukusanyika yakashuka katika korongo kwa ghafula, na kuta zake ni wima, laini, hazina pa kushika. Mwezi wa Aprili 2012 vijana wa kanisa moja la Nairobi walikuwa ndani ya korongo maji yalipokuja, na saba wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 wakafa tena watu saba, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa njia aliyelijua korongo hilo. Baada ya hayo korongo lilifungwa. Mwalimu au mchungaji anayeongoza kundi na aulize langoni siku ile ile kama korongo limefunguliwa, na kama mvua imenyesha upande wa juu usiku uliopita. Akiona wingu zito juu ya vilima, asishuke na watoto, hata kama wamekwisha kulipa kiingilio.